Upele wa Makwapani: Tutibiwe Nyumba Nzima, Siku Moja



Sisi wahamasishaji wa afya tunapopita nyumba kwa nyumba, kuna shida ambayo watu hawaitaji mpaka uulize mara mbili: kuwashwa makwapani. Mama anasema ni joto. Kijana anasema ni sabuni. Wengine wananong'ona kwamba ni ukimwi, au wamerogwa. Usiku ukifika, nyumba nzima inajikuna.

Ni kweli kwapa linaweza kuwashwa kwa sababu nyingi: wembe, sabuni kali, manukato, au fangasi wanaopenda penye jasho. Lakini kama muwasho unazidi usiku, uko pia katikati ya vidole, kiunoni na sehemu za siri, na mnaolala pamoja wanajikuna, basi fikirieni upele.

Upele huletwa na mdudu mdogo sana. Jike huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Huambukiza ngozi kwa ngozi, na hauchagui msafi wala mchafu. Iwe ni site ya Mutaho iliyopokea waliokimbia makwao mwaka 1993, iwe ni kambi ya Gasorwe kule Muyinga iliyofunguliwa mwaka 2002, nyumba ni ndogo na watu ni wengi. Hiyo ndiyo sababu, siyo uchawi.

Tusiwanyooshee kidole wageni pia. Anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 3 hadi 6 bila kuwashwa, na huku anaambukiza wengine. Nani atajua ulianzia kwa nani?

Maoni yangu ni haya: upele hauishi kwa sababu tunatibu mtu mmoja mmoja. Mama anampaka mtoto anayelia, baba anaona aibu na kujificha. Baada ya wiki chache mtoto anaanza tena, kisha tunasema dawa ya kituo ni maji. Dawa si maji. Aliyeachwa bila dawa ndiye anayeurudisha.

Kwa hiyo wote wanaolala nyumba moja wapake siku ile ile, hata asiyewashwa. Jipake mwili mzima kuanzia shingoni mpaka nyayo, siyo kwapani tu. Kata kucha. Fuata muda aliokuambia muuguzi, na urudie dawa kama alivyosema. Mwenye mimba na mwenye mtoto mchanga wamwambie kabla ya kupewa dawa. Nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe vizuri ndani ya mfuko kwa wiki moja, maana mdudu akikosa mwili wa mtu hufa kwa siku chache. Muwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 baada ya dawa. Usikate tamaa.

Waganga wetu nao nawaomba: akija mgonjwa mmoja wa upele, muulizeni analala na nani. Chupa moja kwa nyumba ya watu 8 ni kazi bure.

Tuache petroli na majivu, vinaunguza ngozi. Tuache pia pomadi za kung'arisha ngozi: zile zenye dawa kali hutuliza muwasho kwa muda, huku wadudu wakiongezeka. Vidonda vya kujikuna huingiza vijidudu, na vingine hudhuru mpaka figo. Na kama una homa, tezi zimevimba na vipele vina maji au usaha, nenda kituoni haraka bila kugusana na watu, maana ugonjwa wa Mpox uliingia Burundi mwaka 2024.

Shirika la Afya Duniani liliuweka upele kati ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017. Sisi hatuwezi kuusahau, tunalala nao. Mhamasishaji akipita kwako, mwonyeshe kwapa, kisha mwite na baba.