Sebule ya Mfanyakazi Ihifadhiwe Wapi?

KUTOKA UWANI
Na Mwanaidi Mwinshehe

Ukienda Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama utaona msonge wa Wahaya na nyumba ya Wazaramo. Magomeni utaingia nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere kabla ya Uhuru. Lakini ukitaka kuona sebule ya mtu aliyefanya zamu ya usiku kiwanda cha Urafiki miaka ya 1970, sina pa kukuelekeza. Vyombo vyake vilishapimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Tulioikuta sebule ile tunaijua. Kabati la vioo lenye glasi za wageni ambazo mtoto hakuthubutu kuzigusa. Chupa ya chai ya Kichina yenye maua ubavuni. Vitambaa vya kufuma juu ya makochi, na redio ya National iliyoundwa hapahapa Dar es Salaam, nayo ikiwa na kitambaa chake. Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo nyumba nzima ilimsikiliza Pwagu na mwenzake Pwaguzi hapo. Betri zikichoka, zilianikwa juani ili zisukume walau usiku mmoja zaidi.

Mimi hunivutia zaidi vya uani: pasi ya mkaa, kibatari cha kopo la maziwa, sufuria iliyotiwa kitako kipya na fundi bati. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, madukani kulikauka. Sabuni na sukari vilikuwa vya mgao, na sufuria ikitoboka haikutupwa, maana ya kuichukulia nafasi haikuwepo. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, katoni ya sabuni chini ya kitanda ilitosha kumkosesha mtu usingizi. Sasa nionyesheni ni makumbusho gani yenye sufuria ya kiraka ya miaka hiyo, pamoja na maelezo ya mama aliyeipikia.

Wenzetu wamelifanya hili. Katika makumbusho ya wafanyakazi ya Copenhagen, Denmark, kuna nyumba ya familia ya kibarua, ukoo wa Sørensen, waliohamia humo mwaka 1915. Wazazi walipofariki, binti yao alibaki akiishi humo bila kubadilisha chochote cha maana, na mwaka 1990 vitu vyote vikakabidhiwa makumbusho.

Najua nitaambiwa vyombo hivi vilitengenezwa kwa maelfu, havina upekee. Ndiyo maana vinaisha haraka! Kiti cha chifu kina watu wa kukilinda. Pasi ya mkaa haina mtu, ila siku hizi mahoteli yanaitundika ukutani kama pambo, na hakuna anayeuliza iliwahi kunyoosha shati la nani.

Nyumba za zamani za Magomeni Kota zilivunjwa, na mwaka 2022 yakazinduliwa maghorofa ya kaya 644. Sililii kuta zile. Wakazi wake walistahili makazi bora muda mrefu. Ninacholalamikia ni kwamba hata chumba kimoja hakikubakizwa na kitanda chake, sanduku lake la bati na kalenda yake ukutani. Bado ziko kota nyingine mijini, na wazee wake wako hai. Makumbusho ya Taifa yaanzie huko, yachukue nyumba moja na vilivyomo, kabla mjukuu hajaja na makochi mapya.

Nawe msomaji, kabla hujamwita kijana wa vyuma chakavu, mkalishe bibi kwanza. Muulize chombo kilinunuliwa wapi, mwaka gani, kwa mshahara wa nani, na nani alikiziba kilipotoboka. Andika majibu kwenye karatasi, uibandike kwenye kitako cha chombo, kisha ukiweke juu ya kabati.