Bahari Haipandi Karagwe

Wapo miongoni mwetu, watu wa pwani, wanaodai kwamba dawa ya kiu ya bara ni kuyatoa chumvi maji ya bahari na kuyasukuma hadi Karagwe na Kyerwa. Kwa mshairi hiyo ni taswira ya kupendeza. Kwa mwanamke mwenye ndoo kichwani ni dhihaka.

Kwamba yanatoleka chumvi, hilo halina ubishi: Oman wanainywa bahari yao, na huenda na sisi wa visiwani tukalazimika siku moja. Lakini mtambo wa leo hula yuniti tatu za umeme au zaidi kwa kila lita 1,000. Na Karagwe iko kama kilomita 1,000 kutoka ufukweni, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Kuyapandisha tu maji hayo, hata kwa pampu isiyopoteza chochote, ni yuniti nne nyingine. Bomba hatujalilipia.

Na huko yaendako, je, ni jangwa? Mto Kagera, wenye maji matamu mwaka mzima, ndio mpaka wa Kyerwa na Rwanda na Uganda. Karagwe ina Ziwa Rwakajunju. Maji yamo mabondeni, watu wako juu ya vilima kati ya migomba yao. Kinachowatenga ni mteremko, si chumvi. Anayewaahidi bahari anawapa udhuru wale wanaopaswa kuulizwa habari za pampu, matangi na mafundi.