Pamba Fifi na Istilahi za Polima

Uundaji wa istilahi za sayansi aghalabu hutazamwa kama kazi ya kutafuta kisawe cha neno la Kiingereza tu. Hatari ya mtazamo huo hudhihirika katika uwanja mmoja mchanga: polima zipitishazo umeme.

Polima ni molekuli ndefu mithili ya mnyororo. Pamba ya Bariadi, zao kuu la biashara la mkoa wa Simiyu tangu kabla mkoa huo haujaanzishwa mwaka 2012, ni selulosi, yaani polima ya asili, nayo haipitishi umeme. Mwaka 1977 Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionyesha kwamba poliasetilini ikitiwa mvuke wa iodini, upitishaji wake huongezeka mamilioni ya mara. Kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Iodini huunyang'anya mnyororo elektroni, na nafasi zinazoachwa huruhusu mkondo kupita.

Kitendo hicho kiitweje? Mfasiri afuataye mazoea ya fizikia ya silikoni, ambako chembe zinazoongezwa huhesabiwa kuwa uchafu, ataandika "uchafuzi". Mwanafunzi wa Bariadi atapotoka papo hapo. Kwao pamba iliyochafuka ni pamba fifi, na bei yake hushuka. Ilhali hapa kilichotiwa ndicho kinachoipa polima thamani. Afadhali "kukoleza", kama rangi ikolezwavyo katika uzi. Itapingwa, na si bila haki, kwamba mzizi huo umekwisha kutumika katika kemia kueleza kiasi cha kitu kilichomo katika myeyusho. Lakini "mkolezo" ni kiasi, na "ukolezaji" ni tendo. Kiswahili kina viambishi vya kutosha kuvitenganisha.

Kwa upande wa maumbo, kazi ni nyepesi. Anilini iliyo katika kimiminika kimoja ikikutanishwa na asidi yenye kioksidishaji katika maji yasiyochanganyika nacho, mpakani huzaliwa nyuzi za polianilini zenye upana wa nanomita 50 hivi, zifaazo kwa vihisi vya gesi. Unyuzi wa pamba wenye upana wa maikromita 15 ni mnene kuliko huo mara 300. Kwa nini basi kuandika "nanofaiba", na mvunaji wa pamba anao "unyuzi"? "Nanonyuzi" yatosha.

Wapo watakaosema juhudi hizi ni bure maadamu sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Hao husahau kwamba mwanafunzi huyo huyo, akitoka darasani, hulieleza somo kwa mwenzake kwa Kiswahili, na hutumia neno lolote alilopewa.