Usubi, Malaria na Damu ya Tai: Tatizo la Istilahi

Istilahi ya sayansi haipimwi kwa ufasaha wa umbo lake pekee, bali pia kwa uwezo wake wa kutenganisha mambo ambayo sayansi yenyewe imeyatenganisha. Vimelea vya damu vya ndege mbuai, yaani tai, mwewe, kozi, bundi na wenzao, ni mfano mzuri.

Jenasi zinazohusika hasa ni tatu. Plasmodium huzaliana ndani ya seli za damu. Haemoproteus huzaliana katika tishu za viungo. Katika damu huonekana hatua yake ya kijinsia tu. Leucocytozoon nayo haiachi chembe za rangi kama hizo mbili, na huigeuza mno sura ya seli iliyoivamia. Kuziita zote “malaria ya ndege” ni kuzifuta tofauti hizo, wala si tofauti za vitabuni tu. Ndege mbuai wengi wa mwituni huishi na Haemoproteus au Leucocytozoon bila dalili dhahiri za ugonjwa, ilhali Plasmodium huweza kumuua kozi wa Aktiki, Falco rusticolus, anayefugwa. Tabibu anayesomewa jina moja tu hajui atibu au aache.

Yumkini atatokea wa kudai kwamba jina hilo lina historia, kwani Ronald Ross alitumia ndege alipothibitisha huko Calcutta, mwaka 1898, kuwa mbu hueneza malaria. Lakini kimelea alichokifuatilia kilikuwa Plasmodium. Historia hiyo, basi, yatetea kulibana neno “malaria” kwa jenasi hiyo, si kulipanua.

Utata huzidi tufikapo kwa waenezaji. Plasmodium huenezwa na mbu. Haemoproteus ya ndege mbuai huenezwa hasa na wadudu wa jenasi Culicoides, na Leucocytozoon na wale wa jenasi Simulium; nao wote wawili huitwa “usubi”. Isitoshe, katika lugha ya afya nchini Tanzania, “usubi” ni jina la ugonjwa wa binadamu unaosababishwa na mnyoo Onchocerca volvulus, ambao Simulium huueneza. Neno moja limebebeshwa wadudu wawili na ugonjwa mmoja.

Dawa si kulitupa neno lililozoeleka na kuazima jingine. Viluwiluwi vya Simulium hukua katika maji yaendayo kasi. Vya Culicoides wengi hukua katika matope na udongo wenye unyevu. “Usubi wa mtoni” na “usubi wa matopeni” yangetosha, na yangemwonyesha msomaji mahali pa kuutafuta mzizi wa maambukizo. Majina ya jenasi za vimelea yabaki ya Kilatini.

Lugha inayodai nafasi katika maabara haina budi kwanza kuweza kusema ni kimelea gani kilichomo katika tone la damu ya tai, na ni mdudu gani aliyekileta.