Pane yenye haijapimwa, tusiilipe

Wandugu wachimbaji, mama na vijana wa Lushebere, leo sitaongea juu ya bei ya kilo. Nitaongea juu ya motokari, lakini mutaona kama hesabu ni ile ile.

Kikundi cha wachimbaji kikichanga feza miezi na miezi mpaka kununua jipu mupya, si kwa kujionyesha. Ile jipu njo inapeleka hospitali muchimbaji mwenye kuangukiwa na udongo. Njo inapeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa katikati ya usiku. Njo inaleta unga, chumvi na kamba za shimo. Ikizimika kwenye mulima kati ya Masisi-centre na Sake, si shofere peke yake anakwama.

Sasa, motokari za siku hizi ziko na ugonjwa mumoja wa kusumbua kuliko yote: pane ya kuja na kuenda. Asubuhi taa ya moteri inawaka kwenye tablo, moteri inakosa nguvu, ao inazimika kabisa. Unafika kwa fundi, taa imezimika, moteri inaunguruma muzuri kama vile haijaumwa hata siku moja. Fundi anakuambia: "Mi sioni kitu, papa. Endesha tu." Kesho kutwa inazimika tena. Pale njo feza inaanza kutoka: leo batri, kesho pompe ya mazuta, juma lijalo kalkilateri, ni kusema ile ordinateri ndogo yenye kuongoza moteri. Na kama bado haijapona, lawama inaangukia shofere: "Ni wewe unaendesha mubaya."

Nilifuata kesi moja ya namna hiyo. Sitataja muuzaji wala garaji. Jipu ilikuwa haijamaliza hata mwaka. Kikundi kililipa piesi tatu, moja kisha ingine, na kila mara pane ikarudia. Mwishowe mukutano ukakata nusu ya mushahara wa shofere, baba wa watoto watano, kwa sababu eti anaitesa motokari. Kisha kijana mumoja, fundi wa umeme, akakuja na multimetri tu. Akakuta kama waya wa chombo cha kufuatilia motokari, chenye muuzaji aliongeza kabla ya kuiuza, umeunganishwa kwa kusokota na kufungwa na skochi, pembeni ya waya za kalkilateri. Kwenye mawe inatikisika, inagusa, inaachia. Kazi yake haikupita saa mbili. Sendika ikasimama, mushahara wa shofere ukarudishwa. Feza ya zile piesi tatu haikurudia.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: pane yenye haijapimwa, tusiilipe. Sanduku la kikundi lisiilipe, na mushahara wa shofere usiilipe zaidi.

Sisi wachimbaji tunaijua sheria hii. Ukipeleka koltani kwa negosia, akikuambia "tenere iko chini leo" bila kupima mbele yako, unakubali? Hapana. Unasema: leta mashini, pima nione. Basi kwa nini mutu akituambia "kalkilateri imekufa", tunatoa madola bila kuuliza: umeipima na nini, na mashini imeandika nini?

Tena koltani yetu iko ndani ya mambo haya. Tantale yenye inatoka ndani yake inatumiwa kutengeneza kondasateri, vile vitu vidogo vya kutunza umeme ndani ya telefone na ndani ya kalkilateri za motokari. Rubaya peke yake inakadiriwa kutoa karibu 15 % ya tantale ya dunia nzima. Watu wenye kuchimba kile kitu wasidanganywe juu ya mashini yenye imetengenezwa nacho.

Tuangalie sasa pane hii inatoka wapi. Mara nyingi kalkilateri haijakufa. Umeme unapita kwenye waya, kwenye fishi na kwenye masi, ni kusema pale waya wa kurudisha umeme unafungwa na bulo juu ya chuma cha motokari. Fishi ikilegea kidogo, ao bulo ya masi ikiwa na rangi ao kutu chini yake, umeme unapita leo na kukosa kesho. Vitu vitatu njo vinaiamsha pane: kutikisika, maji na joto. Masisi tuko na mawe, mvua na milima mirefu. Ongeza panya wenye kukula waya, na vijana wenye kuosha moteri kwa maji ya nguvu.

Hata batri ya motokari mupya si lazima iwe nzima. Tangu kiwandani mpaka kwenye bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, kisha mpaka Goma, motokari inaweza kulala miezi mingi bila kuwashwa. Batri ikishuka, kalkilateri zinaanza kusema uongo: taa tano zinawaka mara moja, kila moja inalalamikia kitu chake.

Shofere na fundi wafanye nini? Nitasema kwa mupango.

Kwanza, kuandika. Shofere awe na kayee ndani ya motokari. Kila mara pane ikitokea aandike: siku, saa, kilometre, mvua ao jua, moteri ya baridi ao ya moto, kupanda ao kushuka, taa gani iliwaka. Apige foto ya tablo na telefone, ao video kama anaweza. Pane ikijificha mbele ya fundi, kayee njo inabaki kuwa shahidi. Na ukisoma kurasa kumi, utaona mara nyingi pane iko na tabia yake: inakuja kisha mvua, ao kisha nusu saa ya kupanda.

Pili, kusoma kabla ya kufuta. Chini ya usukani kuna fishi ya matundu 16. Amerika iliilazimisha kwa motokari zote mupya tangu 1996, Ulaya tangu 2001 kwa zile za esanse. Fundi anaunga skaneri pale, na kalkilateri inatoa kodi yenye kuanza na herufi: P ni moteri na giyabosi, C ni frein na miguu, B ni ndani ya karoseri, U ni kalkilateri zenye hazisikilizane. Mara nyingi inatunza pia picha ya dakika ile: moto wa moteri, mwendo, nguvu ya umeme. Fundi mwenye kuanza na kufuta kodi ili taa izimike amechoma shahidi. Mumukataze. Aandike zote kwanza, na karatasi ibaki kwenu.

Tena kodi si hukumu. Ikisema "kapteri fulani", inataka kusema kama habari ya ile kapteri haifike muzuri. Inaweza kuwa kapteri yenyewe, waya, fishi ao masi. Na kama kodi za U zinatoka nyingi kwa mara moja, usinunue kalkilateri. Anza na batri, masi, na zile waya mbili zenye kalkilateri zote zinaongelea, zenye kampuni Bosch ilitangaza mwaka 1986 kwa jina CAN. Kwa kawaida, batri ikiwa imefunguliwa, katikati ya zile waya mbili multimetri inaonyesha karibu omu 60. Ikionyesha 120, kuna upande mumoja umekatika.

Tatu, kupima vitu vya bei ndogo mbele. Batri yenye imepumzika iwe karibu na volti 12,6. Moteri ikizunguka, kwa kawaida ni kati ya 13,8 na 14,5. Wakati wa kuwasha, isianguke chini sana ya 10. Kisha weka waya mumoja wa multimetri kwenye batri upande wa kutoa, mwingine kwenye chuma cha moteri, muwashe: ikionyesha kupita nusu volti, masi ni mbaya. Fungua bulo, kwangua, funga tena. Kazi hii inaomba kipande cha papie ya kukwangulia na ufunguo. Haiombe dola 800.

Ine, kuamsha pane kwa kusudi. Moteri inazunguka, fundi anatikisa waya polepole, fishi moja kisha ingine, huku mwenzake anaangalia skaneri. Kama pane inakuja na joto, wapande mulima na skaneri ikiwa imeungwa. Kila kitu chenye kiliongezwa kisha kiwanda, kama alarme, radio, taa za mbele ao chombo cha kufuatilia, kifunguliwe kwanza, motokari ijaribiwe bila hicho. Waya za rangi ya manjano wasizichezee: mara nyingi ni za mifuko ya hewa yenye inafunguka kwa aksida, inaweza kulipuka mikononi.

Kuna mutu atasema haya ni mambo madogo ya garaji. Asikilize ya Amerika. Mwezi wa pili 2014, General Motors ilianza kurudisha motokari zake juu ya kontakti, pale mutu anaingiza ufunguo. Zikafika karibu milioni 2,6. Ufunguo mzito ao shimo la barabara vilitosha kuizungusha kidogo: moteri inazimika katikati ya mwendo, usukani unakuwa mugumu, na mifuko ya hewa haifunguke. Ndani ya kampuni kulikuwa watu wenye kujua jambo hilo kwa miaka karibu kumi. Walifikia hata kubadilisha ile piesi kimya kimya, bila kubadilisha namba yake. Pane ilipatikana wakati kontakti ya zamani na ya mupya viliwekwa pembeni na kupimwa, kwa kesi ya familia yenye ilifiwa. Sanduku la kulipa familia lilikubali vifo 124. Mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa serikali dola milioni 900. Wafu wamoja mbele ya hapo walihesabiwa kama watu wenye hawakujua kuendesha.

Wengine watasema dawa ni kununua Land Cruiser za zamani, zenye moteri haina kalkilateri. Ninawaelewa, zile moteri zimebeba Kivu nzima. Lakini zinazeeka, bei yake haishuke, na zenye kutoka mupya viwandani zinaendelea kuongezewa umeme. Kukimbia si mupango. Tunahitaji vijana wenye kushika multimetri.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Koperative na vikundi: kabla ya kulipa motokari mupya, garanti iwe kwenye karatasi, na muda ao kilometre ziandikwe. Pane ikija mara ya kwanza, andikeni barua siku ile ile, kopi irudi na kashe ya muuzaji. Sheria yetu ya mikataba, dekre ya tarehe 30 Julai 1888, inamufunga muuzaji kwa kasoro yenye kujificha, lakini inaomba mushitaki bila kuchelewa. Pane yenye imeandikwa mbele ya garanti kwisha, muuzaji ataiponyoka kwa shida. Yenye haikuandikwa, itakuwa neno lenu na neno lake.

Mafundi: faktire ionyeshe kodi, vipimo, na piesi ya zamani irudishiwe mwenye motokari. Fundi muzuri hataona haya kwa hilo, juu linamulinda yeye pia.

Na sisi wa sendika: hakuna shofere atakatwa mushahara juu ya pane mpaka kayee isomwe mbele ya mukutano na kipimo kionekane. Multimetri ya kawaida na skaneri ndogo, bei yake haifike bei ya piesi moja yenye kununuliwa kwa kubahatisha. Kila kikundi chenye jipu kiinunue, na kitume kijana wake mumoja kujifunza. Mukutano ujao wa sendika, kila kikundi chenye motokari kilete kayee ya shofere wake.