Tunanunua Inchi, Hatununui Sinema

Nasema wazi, na mwenye kuudhika audhike: vijana wa mjini hatujui kununua TV. Tunajua kununua inchi. Ingia duka lolote pale Kariakoo, simama kando dakika kumi tu, sikiliza. "Bro, hii inchi ngapi?" "Hamsini na tano." "Mwisho bei gani?" Basi, maswali yameisha. Mtu anaondoka na boksi kubwa kuliko bodaboda iliyolibeba, deni la miezi sita mgongoni, na chumba chenyewe cha kupanga ni futi kumi kwa kumi.

Ingekuwa mnanunua kwa ajili ya mpira nisingefungua mdomo. Mpira ni nyasi za kijani na taa za uwanja, ukiuzidishia rangi unapendeza tu. Lakini ninaowasema hapa ni sisi wenyewe, watu wa kijiwe hiki, tunaojiita waandishi. Wengine mna miswada ya filamu chini ya godoro. Mnasema sinema ndiyo shule yenu, kwa sababu ada ya shule nyingine haipatikani. Sawa kabisa. Kama sinema ni shule, TV ndiyo ubao. Na mmenunua ubao mkubwa ambao chaki haishiki.

Tuanze na giza, maana hapo ndipo tunapopigwa. TV karibu zote za bei ya mfuko wetu, ziitwe LED, ziitwe jina lolote la mapambo, ni kioo cha LCD chenye taa nyuma yake. Taa inawaka muda wote. Kazi ya kioo ni kuizuia pale panapotakiwa kuwa peusi. Kioo kikishindwa, weusi unageuka kijivu, kama suruali nyeusi iliyofuliwa mara mia. Sokoni kuna vioo vya aina mbili hasa. Kimoja wanakiita VA: nyeupe yake hung'aa kuliko nyeusi yake mara elfu tatu, hata zaidi. Kingine ni IPS, ambacho ni kama mara elfu moja tu. Umewahi kuiona tofauti hiyo kwenye stika ya mbele ya boksi? Thubutu. Haiandikwi.

IPS nayo ina jema lake, ukikaa pembeni picha haipauki sana. Kama mnaishi watu saba, watatu kwenye kochi, wanne mkekani, kila mtu na kona yake, chukua hiyo na wala usinisikilize. Lakini wewe unayelala peke yako na kutazama peke yako usiku, taa umezima, pembe unaitakia nini? Chukua VA. (Iko OLED, ambayo kila nukta inajiwasha na kujizima yenyewe. Hiyo ndiyo mfalme wa giza, na bei yake ya kifalme. Tuiache ipite.)

Mtaniuliza, giza la nini? Jamani, nusu ya sinema ni giza! The Godfather ya mwaka 1972, mpiga picha wake Gordon Willis alimmulika Marlon Brando kutokea juu, macho yakazama kivulini. Wapo waliolalamika kwamba picha ni nyeusi mno. Hawakuelewa kwamba yule mzee anaogopesha kwa sababu huyaoni macho yake. Hilo ni somo la uandishi, ndugu zangu: nini unaonyesha, nini unaficha. Sasa itazame kwenye kioo kinachogeuza kivuli kuwa ukungu. Somo lote limefutika, umebaki na mzee mwenye mashavu makubwa. Au chukua Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya 2021, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Unguja ya miaka ya 1950, wakoloni wapo, watu wananong'ona. Mimi nataka kuwaona wale wanaonong'ona, na nataka kivuli kinachowaficha kibaki kivuli.

Mwezi wa Aprili 2019 dunia nzima ilipiga kelele juu ya kipande cha vita ya usiku cha Game of Thrones: eti hakionekani! Mpiga picha wake, Fabian Wagner, akajibu kwamba tatizo kubwa ni watu kutojua kuziweka sawa TV zao. Walimtukana sana. Mimi nasema hakukosea, ila alisahau kuwataja waliowauzia.

Haya, 4K. Hapa ndipo wajanja wanapojiona wajanja zaidi. Full HD ina nukta kama milioni mbili, 4K kama milioni nane, kwa hiyo nane ni bora kuliko mbili, hesabu imekwisha. Wapi! Jicho nalo lina kikomo. TV ya inchi 43 ya Full HD, ukikaa zaidi ya mita moja na robo tatu hivi, jicho zima la kawaida haliwezi tena kuzitenganisha nukta zake. Ya inchi 55, kikomo ni mita mbili na ushee. Pima kutoka kitandani kwako mpaka ukutani, halafu uniambie zile nukta milioni sita za ziada unamnunulia nani.

Na hizo filamu zenyewe za 4K ziko wapi? Mchizi anajazwa flashi kwenye maktaba ya muvi ya mtaani, filamu ya saa mbili imebanwa mpaka megabaiti 700, anakuja kuinyoosha kwenye kioo cha 4K. Ni kama kufinyanga ugali wa mtu mmoja utosheleze sinia la harusi. Anayetazama kwa intaneti naye asikie: Netflix wenyewe wanasema picha ya kiwango hicho inaweza kula mpaka gigabaiti 7 kwa saa. Filamu moja, gigabaiti 14. Bando gani hilo? Sisemi ukikuta 4K kwa bei ileile uikatae. Nasema usiongeze hata shilingi moja kwa ajili yake. HDR ndiyo usiiongelee kabisa. TV za bei ya chini zinaipokea ishara ya HDR, lakini hazina mwanga wa kuionyesha. Ni sawa na kupokea barua kwa lugha usiyoisoma.

Halafu kuna dhambi nyingine, hii mnaifanya bure, hata hamlipii. Tangu sinema ianze kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, kawaida yake ni picha 24 kwa sekunde. Kile kimtetemo kidogo ndicho kinachoifanya sinema iwe sinema. TV za sasa nyingi zina mtambo wa kubuni picha za uongo na kuzichomeka katikati. Samsung waliuita Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow, na kila kampuni ina ubatizo wake. Matokeo yake Brando anatembea kama bwana harusi kwenye video ya ukumbini. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video nzima kuwasihi watu wauzime mtambo huo. Mwaka 2019 muungano wa watengenezaji, UHD Alliance, ukatangaza hali ya Filmmaker Mode, inayozima uchafu huo kwa kitufe kimoja. Kama TV yako haina kitufe hicho, tafuta Movie au Cinema, kisha ingia ndani ukaukate huo mtambo kwa mkono. Rangi zitaonekana zimefifia siku mbili tatu. Vumilia, macho yako yalikuwa yamelewa sukari.

Najua nitajibiwa na wakongwe wa kijiwe: "Sisi tumekulia kwenye vibanda vya video, TV ya chogo, kanda imechoka, Lufufu anatafsiri juu yake, na bado tulilia machozi. Hadithi ndiyo kitu, kioo ni mbwembwe." Hoja nzuri, na nusu yake naikubali. Ila chogo, wakubwa zangu, ilikuwa na weusi wa kweli. Haikuwa na taa nyuma. Pasipopigwa na mwale pamezimika. Haikubuni picha za uongo. Mlitazama kitu kidogo lakini cha haki, ndiyo maana mlilia. Mnaowatetea leo wanatazama kitu kikubwa cha bandia.

Tuseme basi una laki sita. Usizimalize zote kwenye kioo. Nunua inchi 43, au hata 32 kama chumba kinabana, yenye weusi unaoridhisha. Kinachobaki nunua sauti, maana TV nyembamba spika zake ni za kubipu. Ila sabufa la kutikisa bati la jirani siyo sauti ya sinema, mazungumzo yanazama humo na wewe mwandishi unahitaji mazungumzo. Spika mbili za redio ya zamani, zenye kikuza sauti chake, zinatosha kabisa.

Na dukani nenda na flashi yako mwenyewe, ndani yake weka filamu unayoijua, tukio la usiku. Usikubali ile video yao ya samaki wa rangi na maua, imetengenezwa ili kila kioo kipendeze. Omba taa za karibu zipunguzwe, weka Movie, tazama ile mistari miwili ya juu na chini inayobaki filamu ikiwa pana. Kwenye filamu nyingi inakula karibu robo ya kioo. Ikiwa kijivu, ondoka. Katika duka moja, sitalitaja, kijana aliniambia hawaruhusiwi kugusa hali ya picha, bosi anataka zote ziwe Vivid. Nikamuuliza kwa nini. Akacheka, akasema, "Kaka, tukiiweka hiyo ya kwako hatuuzi."