Tuachieni ukingo wa lami

Mtoto wa dada yangu anafanya kazi ya ulinzi Dubai. Juzi alinitumia video ya njia ya baiskeli ya Al Qudra: lami safi katikati ya jangwa, makumi ya kilomita, hakuna gari wala pikipiki. Watu wamevaa kofia ngumu na nguo za kubana, wanakimbizana na upepo kwa starehe tu. Jua la kule! Nikacheka, kisha nikanyamaza.

Mimi, huku kwetu mlimani, huteremka kutoka Tarakea kwenda Mkuu kwa baiskeli, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma kwa mpira. Tangu lami ije, safari imekuwa fupi na hofu imekuwa ndefu. Mwezi uliopita, kwenye kona, gari aina ya Noah lililojaza abiria hadi kwenye buti lilinibana. Nikaingia mtaroni. Mkungu ulivunjika katikati, gurudumu la mbele likapinda kama kiatu cha zamani. Dereva hakusimama. Jirani alinipa maji, akaokota ndizi zilizobaki nzima na kuniuliza kama zinauzwa.

Sidai njia ya watalii. Jangwa lina nafasi. Hapa mlimani kila kipande ni kihamba, shamba la nyumbani la mtu, najua. Lakini kuna watoto wa shule, wachuuzi wanaoelekea mpakani, na sisi wa baiskeli. Mnaopanga barabara, mkija kukarabati hii, tuongezeeni mita moja na nusu ya bega upande wa mteremko.